Herufi ya Jicho, Mizani ya Sikio

Kutafuta neno fupi linaloanza na herufi fulani huonekana kuwa mchezo wa watoto, ilhali washairi wa pwani wameucheza tangu zamani. Dura Mandhuma, utungo mkongwe wa pwani ya kaskazini, umepangwa kwa kufuata herufi za Kiarabu. Hadi leo watunzi wetu hufumba jina la mpenzi au la marehemu katika herufi za mwanzo za mishororo. Si haba, lakini yafaa tujiulize mchezo huu hulitoza shairi nini.

Kwanza, herufi ni mali ya jicho. Elimu, akili na umri, katika hati ya Kiarabu, yote huanza na herufi moja, ain. Yakiandikwa kwa hati ya Kilatini hutawanyika: E, A, U. Mhariri anayenakili utungo wa aina hii pasi na kulieleza jambo hilo humnyima msomaji nusu ya kazi ya mtunzi.

Pili, ufupi wa karatasini si ufupi wa mizani. "Oa" ni herufi mbili tu, na "ng'ombe" ni refu machoni. Lakini kila moja lina mizani mbili: o-a, ng'o-mbe. Mtunzi wa nane kwa nane asiyehesabu kwa sikio hujikuta akilikata neno na kuliita tendo hilo inkisari, au akilivuta na kuliita mazida. Uhuru huo wa kishairi ni wa kuokoa maana, si wa kuokoa herufi.

Tatu, na hili ndilo zito, herufi ya kwanza ya nomino zetu mara nyingi ni ya ngeli. Anayehitaji M huandika "mja"; anayehitaji W huandika "waja". Mizani ni zilezile mbili. Lakini toba ya mja si toba ya waja: aliyekuwa akikiri makosa yake sasa anawahubiria wenzake. Herufi imepatikana, kilio kimepotea.

Hatusemi mchezo uachwe. Shairi na lisomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyejua kwamba limefumbwa jina. Likimgusa, mtunzi amezitumia herufi. Likimkwaza, herufi ndizo zilizomtumikisha yeye.