Matatizo Hayana Mlango

Mimi ni mwandishi chipukizi, shule niliishia kidato cha nne, na nina muswada wa riwaya ambao mpaka leo haujapata mchapishaji. Mhariri mmoja aliurudisha akiwa kapigia mstari sentensi moja ya ukurasa wa kwanza: "Juma alikimbia ndani ya matatizo." Pembeni kaandika: "Alipitia mlango gani?"

Nilikasirika, nikacheka, kisha nikakaa kujikosoa. Sentensi ile niliiwaza kwa Kiingereza, "run into problems". Waingereza wana vitenzi vya namna hiyo, kitenzi kifupi na vineno vidogo nyuma yake, na ukivitafsiri kipande kipande umeumia. "Run into" ni kupatwa na jambo bila kutarajia. Hata rafiki wa zamani unaweza kukutana naye sokoni kwa maneno hayo hayo. "Come up against" ni habari nyingine: hapo kizuizi kimesimama mbele yako, iwe sheria au mpinzani, nawe utafute pa kupita. "Come across" haina kizuizi kabisa, ni kukiona kitu kwa bahati tu. Mwendo ni ule ule, vya nyuma vimebadilika, maana imehama.

Na sisi je? Jamani, sisi ni matajiri! Kumba ni kusukuma kwa nguvu. Kumbana ni kusukumana. Juma akikumbana na matatizo, yanamsukuma naye anayasukuma. Yakimkumba, yeye ni wa kusukumwa tu. Akiyakabili, kageuza uso kuyatazama. Akikwama, hasongi, lakini bado anaweza kunasuka. Mpango wake ukigonga mwamba, basi, umeshindikana. Hapo kuna akina Juma watano, na mwandishi lazima ajue anamwandika yupi.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa Kiingereza peke yake. Nilikuwa sijaamua Juma wangu ni mtu wa namna gani, nikajificha nyuma ya maneno ya kuazima. Wenzangu, ugonjwa huu nauona katika hadithi zetu nyingi: kila mhusika "mwisho wa siku" anafanya hivi, kana kwamba hatuna "hatimaye".

Nimeandika upya. Sasa matatizo yanamkumba Juma tangu ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa arobaini ndipo anayakabili. Muswada naurudisha kwa yule yule mhariri. Ukikwama tena, nitausukuma.