Dohani na Lundo la Lubumbashi: Ukumbusho Usio na Mchongaji

Aghalabu sanamu za hadharani huhakikiwa kwa maswali matatu: nani aliyezichonga, nani aliyeziagiza, na zinamtukuza nani. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, huyajibu maswali hayo pasipo taabu. Umbo linaloitawala Lubumbashi halijibu hata moja. Nalo ni lundo jeusi la mabaki ya tanuri la shaba, pamoja na dohani yenye urefu wa mita 150 hivi iliyo karibu nalo. Makala haya yanadai kwamba viwili hivyo ni ukumbusho kwa maana kamili ya neno hilo, na kwamba kuvihakiki hakufai kuahirishwa, maana lundo linapungua.

Atokaye Katuba, mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni kuwa makazi ya Waafrika, kwenda katikati ya jiji, huviona kwanza kama umbo moja: mstari uliosimama na mlima ulioegemea upande. Kwa mbali lundo huonekana laini kama lililofinyangwa kwa mkono. Kwa karibu ulaini huo hutoweka, ikabaki miteremko mikavu na mikato ya mitambo. Hakuna jina lililoandikwa juu yake, wala tarehe, wala uso wa mtu. Hata hivyo tarehe zake zinajulikana. Tanuri lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa kwa jina la Elisabethville, na kila tabaka la lundo ni zamu za kazi za watu walioitumikia Union Minière na, baada yake, Gécamines.

Kiswahili kina jina la kale la takataka za tanuri: mavi ya chuma. Ni jina la dharau, nalo linatoa maelezo ya kutosha kuhusu chanzo cha umbo hili. Hakuna aliyekusudia litazamwe. Je, kitu kisichokusudiwa chaweza kuwa sanaa? Jibu halimo katika neno sanamu, ambalo hutaja umbo tu, bali katika neno ukumbusho. Neno hili hutokana na kitenzi cha kusababisha, kukumbusha. Yaani hutaja kazi inayofanywa na kitu, si nia ya aliyekitengeneza. Wachoraji wa Katanga wa miaka ya 1970 waliitumia dhana hiyo hiyo kwa picha zao: picha njema ni ile inayomfanya mwenye nyumba na wageni wake wasimulie. Katika picha hizo kiwanda na dohani yake hurudi mara kwa mara. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yake kwa mfululizo wa picha, alichora pia mauaji ya wafanyakazi waliogoma mwaka 1941. Naye André Yav, katika historia ya mji aliyoiandika mwaka 1965 kwa Kiswahili cha huko huko, aliyasimulia maisha ya waliowatumikia Wazungu majumbani. Kazi hizo ndizo maandishi ambayo lundo halina.

Pingamizi moja halina budi kukubaliwa. Kulisifu lundo kwa uzuri wake ni rahisi kwa mpita njia. Si rahisi kwa aliyevuta moshi wake maisha yake yote. Uhakiki unaoishia kwenye umbo humsahau mtu huyo. Ndiyo maana fani ya lundo haiwezi kutengwa na maudhui yake: ukubwa wake ndio kipimo cha jasho, na weusi wake ndio rangi ya kilichobaki baada ya shaba kusafirishwa.

Lakini hata mabaki hayo yamegeuka kuwa mali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 lundo limekuwa likichimbwa kwa ajili ya kobalti, na mwaka 2024 Gécamines ilitangaza kupelekwa Ubelgiji kwa shehena ya kwanza ya jemaniamu iliyotokana nalo. Mpokeaji alikuwa Umicore, kampuni ambayo hadi mwaka 2001 iliitwa Union Minière. Hivyo kilichoachwa na tajiri wa zamani kinamfuata kwake, safari hii kwa mauzo ya Wakongo wenyewe.

Hapana sababu ya kuwataka watu wenye njaa ya kazi waache utajiri huo ardhini kwa ajili ya mandhari. Linaloweza kudaiwa ni jingine: sanamu ikivunjwa, huwapo mchongaji wa kuulizwa na mchoro wa kuirudia. Ukumbusho huu hauna mchongaji. Utakapokwisha kuuzwa kwa tani, kitakachobaki ni masimulizi ya waliouishi, na hayo hayana budi kukusanywa wangali hai, katika Kiswahili chao wenyewe.