Neil Young Alirudi Wapi?

Watu wanaopima nyimbo katika magazeti ya Ulaya na Marekani wana neno moja wanalolipenda sana. Mwimbaji akiisha kufika umri wa makamo, naye akatoa disiki inayofanana na zile za ujana wake, husema: amerudi. Kwa neno hili hutunga hadithi nzima: mtu alianza vizuri, akapotea njia miaka mingi, sasa amekumbuka nyumbani. Hadithi hiyo ni nyepesi kusimulia, tena mara nyingine ni ya kweli. Lakini sisi twapenda kuuliza maswali mawili: amerudi wapi? Na katika miaka ile yote alikuwa akifanya nini? Tutauliza hayo juu ya mtu mmoja, Neil Young, na juu ya disiki yake Harvest Moon, maana yake Mwezi wa Mavuno, iliyotoka mwezi wa Novemba 1992. Tumemchagua huyu kwa sababu alisifiwa sana kwa kurudi kwake, tena kwa sababu kompanyi iliyouza disiki zake ilipata kumshitaki tribinali, ikidai kwamba nyimbo alizoleta hazifanani naye.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Neil Young alizaliwa Toronto, katika Kanada, tarehe 12 Novemba 1945, akahamia California mwaka 1966. Muziki wake huitwa kantri-roki. Kantri ni nyimbo za watu wa mashamba wa kusini ya Marekani, zenye gitari, banjo na violini, zinazosimulia habari za nyumba, safari, mapendo na kifo. Roki ni ngoma na gitari za umeme za vijana wa miji. Yeye mara nyingi amevichanganya vyote viwili, na mara nyingine amevitenga. Ametunga bila kupumzika. Disiki zake za studio zimepita 40, na nyingine alizifungia ghalani miaka na miaka: Hitchhiker ilirekodiwa usiku mmoja wa mwaka 1976, ikatoka mwaka 2017, Homegrown ilikuwa tayari mwaka 1975, ikangoja mpaka 2020. Mtu atungaye hivi hawezi kutoa dhahabu kila siku, na kweli ziko disiki zake ambazo hata wampendao hawazisikilizi mara mbili. (Hatutazitaja, anayezitafuta atazikuta upesi.)

Disiki iliyompa jina kubwa ni Harvest, yaani Mavuno, ya mwezi wa Februari 1972. Sehemu yake kubwa ilirekodiwa Nashville, mji wa kantri, mwaka 1971. Sauti zake ni za upole: gitari ya mbao, harmonika, ngoma inayokwenda polepole kama mtu anayetembea akiisha kula. Wengi wamesifu upole ule kama ni hekima. Lakini sababu yake ilikuwa ya mwili. Mgongo wake uliumia, akafungwa mshipi mgumu wa kuushika, naye hakuweza tena kubeba gitari ya umeme kwa ajili ya uzito. Mwezi wa Agosti 1971 waganga wakampasua. Aliimba ameketi kwa sababu kusimama kulimshinda. Mwaka 1972 Harvest iliuzwa Marekani kupita disiki zote nyingine, na wimbo wake Heart of Gold ndio peke yake, katika nyimbo zake zote, uliofika fasi ya kwanza kule.

Mwingine angalirudia kazi ile mara kumi. Yeye aliikimbia. Mwaka 1977 alieleza mwenyewe kwamba barabara pana ile ilimchosha, akachagua kupita mtaroni. Tena kulikuwa na vifo. Danny Whitten, mpiga gitari wa kikundi chake Crazy Horse, aliuawa na madawa mwezi wa Novemba 1972. Bruce Berry, aliyewabebea vyombo, akafuata mwaka 1973. Kutokana na huzuni ile zilizaliwa disiki chungu, kama vile Tonight's the Night ya mwaka 1975, ambamo sauti inapasuka na hakuna aliyejaribu kuitengeneza.

Sasa tufike miaka ile wanayoiita ya kupotea. Mwisho wa mwaka 1982, akiwa ameingia katika kompanyi mpya, Geffen Records, alitoa disiki iitwayo Trans. Anayependa Harvest akiiweka disiki hii, atadhani mashini yake imeharibika. Katika nyimbo nyingi sauti ya mtu imepitishwa katika chombo cha umeme kinachoigeuza, hata maneno hayasikiki vema. Haikuuzwa vizuri. Baadaye alileta nyimbo za kantri. Kompanyi ikazikataa, ikataka roki. Naye, nusu kwa utii na nusu kwa ukaidi, akawaletea Everybody's Rockin', disiki isiyotimiza nusu saa, ya mtindo wa vijana wa miaka ya 1950. Mwaka ule ule wa 1983 wakamshitaki, wakidai dola zaidi ya milioni 3: wakasema kwamba nyimbo hizi haziuziki, na kwamba si za namna yake. Mwishoni walipatana, nayo kesi ikaachwa.

Kesi hiyo huchekesha watu, lakini ndani yake mna shauri zito. Nani awezaye kumwambia mtu: sauti hii si yako? Kompanyi ilikuwa na sheria moja tu kichwani: Neil Young ni Harvest, na kila kisichofanana na Harvest si Neil Young. Hata wapimaji waliosema mwaka 1992 kwamba amerudi, walifuata sheria ile ile, ila wao hawakuchukua avoka.

Na ile Trans ilikuwa nini? Mwaka 1978 Neil Young na mkewe Pegi walizaa mtoto wa kiume mwenye ugonjwa wa ubongo unaofunga viungo na ulimi. Mtoto hakuweza kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazazi walimfanyisha mazoezi kwa saa nyingi kila siku, karibu bila kutoka nyumbani. Baba alieleza baadaye kwamba katika nyimbo zile alitafuta namna ya kusema na mtoto huyo: sauti isiyofahamika, inayojitahidi kupenya mashini ili isikilizwe. Wimbo uitwao Transformer Man ni wake mtoto. Habari za kifungo cha kubonyeza zilizo ndani yake ni za mchezo wa treni ndogo, ambao mtoto aliweza kuuendesha mwenyewe. Kumbe wakati watu wa kompanyi walipolalamika kwamba mtu wao amejificha nyuma ya mashini, yeye alikuwa akiimba jambo la nyumbani mwake kwa ukweli kuliko katika nyimbo nyingi za Harvest.

Ushahidi uko. Mwezi wa Februari 1993, miezi michache baada ya Harvest Moon, aliimba mbele ya kamera za televisheni pamoja na vyombo visivyo vya umeme, na kati ya nyimbo zake za mapendo akauweka wimbo ule ule wa Transformer Man. Mashini imeondolewa, zimebaki gitari na sauti za watu. Anayeusikia bila kujua historia yake atadhani umetoka katika Harvest Moon. Kwa maoni yetu, kipimo hiki chatosha kuivunja hadithi ya mtu aliyepotea.

Miaka iliyofuata twaweza kuipita upesi. Mwaka 1988 alirudi kwa kompanyi yake ya kwanza, Reprise. Mwezi wa Oktoba 1989 akatoa Freedom, disiki ya hasira, inayofunguliwa na kufungwa kwa wimbo mmoja, kwanza kwa gitari ya mbao, mwishoni kwa kishindo cha umeme. Ndani yake mama mwenye kutumia madawa anamtupa mtoto wake. Wengi walihesabu kurudi kwake tangu siku ile, nao wana haki zaidi ya wale wa 1992. Kisha yakaja makelele makubwa ya Crazy Horse: Ragged Glory ya mwaka 1990, na safari ya mwaka 1991 iliyorekodiwa kwa jina la Weld. Alipokuwa akitengeneza disiki hiyo ya Weld, masikio yake yaliumia. Mlio usiokwisha ukabaki ndani yake. Hakutaka tena kusikia sauti kubwa. Hivyo ilizaliwa Harvest Moon. Msomaji ataona ginsi mambo yanavyofanana: Mavuno ya kwanza yalitokana na mgongo, Mavuno ya pili yakatokana na masikio.

Jina lenyewe lahitaji maelezo kidogo. Katika nchi za kaskazini, mwezi mpevu ulio karibu na siku ile ya Septemba ambapo mchana na usiku hulingana, hutoka mapema jioni siku kadhaa mfululizo. Zamani wakulima waliendelea kuvuna kwa mwangaza wake, jua likiisha kuchwa. Ni mwangaza wa kazi iliyochelewa, na mtu wa miaka 46 alijua kwa nini analichagua jina hilo.

Alikusanya karibu wote waliompigia zamani: Ben Keith kwa gitari ya kulazwa, ile inayolia kama mtu, Tim Drummond kwa besi, Kenny Buttrey kwa ngoma. Linda Ronstadt na James Taylor, walioitikia mwaka 1971, wakaitikia tena. Lakini sikilizeni wimbo wenye jina la disiki. Mapigo yake yanashikwa pamoja na ufagio unaopitishwa sakafuni, kwenda na kurudi. Twasifu sana ufagio huo. Walimu wa kwaya zetu, ambao mara nyingi hudhani kwamba wimbo hauna nguvu bila vyombo vingi, wangefaa kuusikiliza.

Tofauti kubwa iko katika maneno. Katika Harvest mlikuwa na wimbo Old Man, ambamo kijana anamwambia mzee mtunza-shamba kwamba wao wawili wanafanana. Ni wimbo mzuri, lakini kijana yule hawezi kujua asemayo, anaazima uzee. Katika Harvest Moon haazimi kitu. Unknown Legend yasimulia mwanamke aliyefanya kazi mkahawani kabla ya kulea watoto wake, naye ni kama Pegi alivyokuwa kabla ya ndoa. From Hank to Hendrix humwuliza mke kama mapendo yaweza kudumu namna nyimbo zinavyodumu, na humo talaka yatajwa wazi, bila kupambwa. Dreamin' Man ina sauti tamu sana, lakini anayeimba ni mtu mwenye bunduki anayemfuata mwanamke kwa mawazo yake. Wengi huupiga wimbo huo wakati wa chakula pasipo kufahamu neno hata moja.

Si yote mazuri. Such a Woman umezamishwa katika violini nyingi zilizopangwa na Jack Nitzsche, mtu yule yule aliyezamisha nyimbo mbili za Harvest kwa orkestra ya London. Basi kosa hili nalo limerudi! Natural Beauty, unaotetea viumbe na misitu, wachukua dakika 10. Wasomaji wetu wanajua linalompata mhubiri apitaye wakati wake: maneno ni ya haki, lakini watu wamekwisha kutazama mlango. Na Old King, wimbo wa mbwa wa kuwinda, ni mchezo tu, ingawa banjo yake inafurahisha.

Yabaki jambo linalowasumbua wasikilizaji wa leo. Mwaka 2014 Neil na Pegi waliachana, wakiisha kukaa pamoja miaka zaidi ya 35. Pegi akafariki tarehe 1 Januari 2019. Je, wimbo ule wa mwezi, ambao watu wengi huucheza siku ya arusi zao, umekuwa uwongo? Sisi hatuoni hivyo. Ukiusikiliza vema, haumo ndani yake ahadi ya kesho. Mtu anamwomba mkewe watoke nje wacheze, maana usiku huu bado anampenda. Yote yamejengwa juu ya "bado" hii, na anayesema bado amekwisha kuhesabu miaka, tena ameona kwamba hesabu yaweza kukatika. Wimbo wa kijana ungalisema milele. Tena kazi waliyofanya pamoja haikuondoka na ndoa yao: shule aliyoianzisha Pegi pamoja na wengine mwaka 1986, Bridge School, ya watoto wasioweza kusema wala kutumia viungo vyao, ilisaidiwa kwa tamasha walizozitayarisha karibu kila mwaka mpaka 2016.

Kwa anayetaka kupima hukumu yetu, twamshauri asianze na Harvest. Asikilize kwanza Transformer Man wa mwaka 1982, pamoja na mashini yake yote, asikate tamaa. Halafu ule wa 1993. Halafu Harvest Moon, akitega sikio kwa ufagio.