Chaja Inayochaji Vizuri Bado Inaweza Kuua

Karibu kila aliyewahi kuishi na soketi ya matundu matatu anaujua ujanja huu. Chaja ina miguu miwili, soketi inaikataa, basi unachukua kifuniko cha kalamu, unakisukuma kwenye tundu la juu, na yale mawili ya chini yanafunguka. Chaja inaingia, simu inaanza kupokea chaji, maisha yanaendelea. Watoto wa shule ya msingi wanaujua. Muuzaji wa chaja atakuelekeza mwenyewe kabla hujamuuliza. Umezoeleka kiasi kwamba hatujiulizi tena soketi ilikataa kwa sababu gani.

Soketi zetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, ni za kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 1363, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1947. Chimbuko lake ni kamati iliyokaa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kupanga namna nyumba za Waingereza zitakavyotiwa umeme vita vikiisha. Ripoti yake ilitoka 1944. Kati ya wajumbe 20 alikuwemo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi wa umeme aliyekuwa akiongoza chama cha kuwafundisha wanawake matumizi ya umeme nyumbani. Kamati hiyo ilisisitiza kwamba mtoto mdogo asiweze kuifikia shaba yenye umeme kwa msumari au kijiti. Jibu likawa vipazia vya plastiki ndani ya soketi, vinavyoziba yale matundu mawili ya chini. Mguu wa ethi, ule wa juu, ukafanywa mrefu kuliko mingine kwa milimita 5 hivi, nao ndio unaotangulia kuingia na kuvisogeza vipazia. Kwa hiyo chombo kinapata ethi kabla hakijapata umeme, na kinapochomolewa ethi ndiyo inayoachia mwisho. Mwaka 1984 likaongezwa sharti jingine: miguu ya laivu na nyutro ivikwe plastiki sehemu iliyo karibu na mwili wa plagi, ili plagi ikichomoka nusu, kidole kisikute chuma chenye umeme.

Kuna na fyuzi. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa shaba, ikachagua kuzungusha waya mmoja nyumba nzima na kuulinda kwa fyuzi kubwa ya ampia 30. Tatizo ni kwamba waya mwembamba wa taa ya mezani utaungua zamani sana kabla fyuzi ya ampia 30 haijakata. Ndipo ikawekwa fyuzi ndogo ndani ya plagi yenyewe, ya ampia 3 au 13 kulingana na waya. Kazi yake ni kuulinda waya ule. Anayedhani inamlinda yeye asipigwe shoti amekosea. Fyuzi halisi ya plagi ni kijibomba cha kauri kilichojazwa mchanga wa silika unaozima cheche, na imeundwa ikate mkondo wa hadi ampia 6,000 bila kupasuka. Fyuzi feki huenda isiwe na mchanga wowote ndani. Na mtaani ipo ya aina ya tatu, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ambayo haikati kitu.

Kalamu inaviondoa vyote hivyo kwa mkupuo mmoja. Vipazia viko wazi, na plagi ya miguu miwili haina fyuzi.

Hasara ya tatu haionekani kwa nje. Mguu wa plagi nyembamba ya Ulaya ni wa mviringo, wenye kipenyo cha milimita 4, na miguu yenyewe imeachana kwa milimita zisizozidi 19, kupima kutoka kiini hadi kiini. Matundu ya soketi yetu yameachana kwa milimita 22.2, na koleo la shaba lililomo ndani limetengenezwa kubana mguu bapa. Kwa hiyo miguu inatanuliwa kwa nguvu, inagusa ubavuni, tena kwa mstari mwembamba badala ya uso mzima. Plagi nene, zile za pasi na blenda zilizokuja na mtumba wa Ulaya, ni mbaya zaidi: miguu yake ina milimita 4.8, inaingizwa kwenye koleo la unene wa milimita 4. Koleo likishatanuka halirudi.

Chaja ya simu yenyewe haitaiunguza soketi hiyo. Ya wati 10 huvuta ampia 0.1 hivi kutoka ukutani, na mkondo huo ni mdogo mno kuleta joto la maana. Balaa ni chombo kitakachofuata. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta ampia 8.7. Koleo likiwa limelegea hata kubaki na ukinzani wa moja ya kumi ya ohm tu, joto linalozaliwa pale ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani wati 7 na nusu. Ukiwa na balbu ya wati hizo hutaona cha kuogopa. Zikusanye kwenye kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha, kilichofungiwa ndani ya plastiki, asubuhi na jioni, na utapata lile doa la kahawia kuzunguka tundu moja la soketi ambalo kila fundi umeme amelizoea. Shaba ikipata joto inaota kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Breka haishtuki kwa sababu mkondo haujazidi. Ni ampia 8.7 zilezile. Ekstensheni za matundu ya kila plagi, zinazosifiwa sokoni kwa kupokea chochote, zinauanza mchezo huu zikiwa mpya, kwa kuwa koleo la kubana kila umbo halibani umbo lolote sawasawa.

Sasa tuingie ndani ya kichwa cha chaja, maana huko ndiko pesa inakookolewa.

Umeme wa volti 230 ukiingia unapita kwenye daraja la dayodi na kuwa umeme wa mkondo mmoja, ukajaa kwenye kapasita kwa takriban volti 325. Chipu inaukata na kuuachia makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo kama kifungo cha koti inatosha kuushusha hadi volti 5. Sehemu hii ni rahisi, na chaja ya bei ya chini kabisa inaifanya. Kazi iliyo ngumu ni kuhakikisha kwamba ule upande wa volti 325 na huu wa volti 5, ulioshikwa na mkono wako kupitia waya na simu, havikutani kamwe: si kwa unyevunyevu, si kwa vumbi, si kwa mende aliyejipenyeza, si hata chaja ikifa. Transfoma inazungushiwa waya wenye tabaka tatu za kihami. Taarifa ya volti kutoka upande wa pili inarudishwa kwa mwanga, kupitia kijisehemu chenye taa na jicho lake ndani, ili waya wa shaba usivuke. Na kwenye bodi kunaachwa pengo tupu, kama barabara isiyojengwa kitu, ambalo wahandisi wa chaja hulikadiria kwa milimita 6 hivi.

Ken Shirriff, mhandisi Mmarekani aliyejipatia jina kwa kupasua vifaa na kueleza kilichomo, mwaka 2014 alizifungua chaja mbili za iPad, moja ya Apple na nyingine ya bandia. Kwa nje zilikuwa karibu pacha. Kwenye ile ya Apple pengo kati ya pande mbili lilikuwa milimita 5.6. Kwenye ile ya bandia, milimita 0.6. Tone la jasho linatosha kuivuka. Zote mbili zilikuwa zinachaji.

Hapo ndipo ugumu wa jambo zima ulipo. Lile pengo halichaji simu. Mkanda wa njano wa kihami kwenye transfoma hauchaji simu, wala kizuio cha kuungua mlangoni mwa umeme, ambacho kwenye chaja nyingi za kuchomeka ukutani ndicho kinachofanya kazi ya fyuzi. Ukiviondoa vyote mnunuzi hatagundua, na bei inashuka. Nyanya mbovu unaiona ukiigeuza. Chaja mbovu, hata ukiijaribu dukani, inafaulu mtihani pekee anaoweza kuuweka mteja. Mwaka 2016 kampuni ya upimaji ya UL ilizikusanya chaja 400 zilizoghushiwa nembo ya Apple kutoka nchi mbalimbali na kuzipima. Zilizofaulu ni 3. Kati ya zilizofeli, 12 zilikuwa na hitilafu ya kuweza kuua mtu kwa shoti.

Mzigo huo wa chaja za bandia umepata soko jipya tangu Oktoba 2020, Apple ilipoanza kuuza simu bila kichwa cha chaja ndani ya boksi, na Samsung ikafuata mapema 2021 kwa simu zake za juu. Sababu iliyotajwa ni mazingira. Mjini kwetu maana yake ni kwamba mwenye simu ya gharama kubwa anakwenda kuinunulia chaja kwenye meza ya barabarani, na kijana wa mezani hana njia ya kujua anachouza kama vile mteja asivyojua anachonunua.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi. Simu ya mwili wa chuma ikiwa kwenye chaji, ukiipapasa taratibu unahisi mtekenyo, na testa ya fundi inaweza kuwaka hafifu. Mara nyingi hiyo si shoti. Chaja nyingi nzuri zina kapasita ndogo inayounganisha pande mbili kwa makusudi, kwa ajili ya kutuliza kelele za umeme, nayo inapitisha mkondo kidogo ambao kiwango kinaufunga usizidi robo ya miliampia. Kapasita hiyo ni ya aina maalumu iliyotengenezwa isife kwa kuunganika. Mwenye kubana matumizi akiweka ya kawaida mahali pake, mtekenyo utakuwa uleule siku zote mpaka siku itakapopasuka ndani. Kwa hiyo testa haikusaidii kuitofautisha nzuri na mbaya, hata fundi akikuapia.

Kuhusu kudumu, mhusika mkuu ni ile kapasita ya volti 325. Ndani yake kuna majimaji yanayokauka polepole, na kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 umri wake unapungua nusu. Chaja iliyofunikwa kwa mto kitandani, kwenye joto la Februari la Dar es Salaam, inazeeka kwa kasi ambayo chumba chenye kiyoyozi hakiijui. Soketi zenye matundu ya USB zilizojengewa ukutani, zinazopendwa sasa kwenye nyumba mpya, zina udhaifu huohuo: chaja imefungiwa kwenye boksi lisilo na hewa, na ikifa unabadilisha soketi nzima.

Lakini chaja nyingi kwetu hazifi kwa uzee. Zinakufa siku nyutro inapokatika kwenye nguzo. Laini tatu za mtaani zina volti 230 kila moja kwa nyutro, lakini volti 400 kati ya laini na laini. Nyutro ikiachia, nyumba zilizo kwenye laini tofauti zinagawana hizo 400 ovyo. Yenye mzigo mdogo inapata fungu kubwa, na inaweza kuikaribia 400 yenyewe. Kilele cha umeme wa volti 400 ni volti 565. Kapasita ya chaja imeandikwa volti 400 ubavuni. Inapasuka kwa kishindo, na majirani wanasema umeme umerudi na nguvu. Hapo ndipo thamani ya vile visivyoonekana inapodhihirika, kwa sababu chaja iliyojengwa vizuri nayo itakufa, ila itakufa upande wake wa ukutani. Ile ya pengo la milimita 0.6 inaweza kuondoka na simu pamoja na aliyeishika.

Dhidi ya balaa hilo, swichi ya soketi ikizimwa ni kinga ya bure, alimradi fundi aliunga waya sawasawa. Swichi nyingi hukata laivu peke yake. Laivu na nyutro zikibadilishana mahali, unazima swichi na chaja inabaki na umeme uleule. Kijipimio cha taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi kinaonyesha kosa hilo mara moja, na fundi anayekabidhi nyumba bila kupima kila soketi hajamaliza kazi.

Kwa hukumu yangu, kumwambia mwananchi awe makini anaponunua ni kumtwisha kazi isiyowezekana. Hana macho ya kuona ndani ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi. Wenye maabara ni mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, na kipimo cha kwanza hakihitaji hata maabara. Chaja yenye miguu miwili ya mviringo, katika nchi ambayo soketi zake zina matundu matatu bapa, imeshajieleza kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya soko hili, na pa kuizuia ni bandarini, kabla haijafika Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi. Zile zenye plagi sahihi ndizo zichukuliwe sampuli, zipasuliwe, pengo lipimwe kwa rula.

Nawe mwenye nyumba, kagua soketi ya jikoni na ile ya pasi leo. Iliyoota doa la kahawia, au inayoachia plagi bila kuvutwa, haitengenezeki kwa kukaza skrubu. Zima meni swichi, mwite fundi mwenye leseni, abadilishe soketi nzima na kukata ncha ya waya iliyoungua.