Ngoma, Kilatini na Kauli ya Muumini

Aghalabu husemwa kwamba Wakristo waliojitenga na makanisa ya kimisheni walifanya hivyo ili wazirudie ngoma zao. Kauli hii imekaririwa mno, maandishini na madarasani, hata hakuna anayeihoji. Lakini mtu akizitazama kwa makini ibada za pande za Ziwa Viktoria, ataona kwamba haisimami.

Tuchukue mfano wa Legio Maria. Jumuiya hii ilijitenga na Kanisa Katoliki katika nchi ya Wajaluo, magharibi ya Kenya, mnamo mwaka 1963, ikiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, kisha ikavuka mpaka na kuingia Tanzania. Waumini wake huvua viatu mahali pa ibada, huvaa kanzu za rangi mbalimbali na kushika rozari. Ngoma hulia, wagonjwa huombewa, pepo hukemewa, na aliyeota ndoto huisimulia. Pamoja na hayo yote, Misa yao imehifadhi maneno ya Kilatini, nao wana papa wao, makardinali na maaskofu. Hawa si watu walioyatupa ya wageni. Wameyashika hata baada ya wageni wenyewe kuyalegeza.

Maana kwa upande wa pili mambo yalikwenda kinyume. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliruhusu lugha za wenyeji katika Misa, na nchini kwetu Kiswahili kikachukua mahali pa Kilatini. Huko Bujora, karibu na mji wa Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alikuwa amekwisha kuanza, katika miaka ya 1950, kujenga kanisa kwa mfano wa majengo ya kitemi ya Kisukuma. Sikukuu ya Ekaristi ikaungana na ngoma, na hadi leo Bulabo ni uwanja wa mashindano ya Wagika na Wagalu.

Basi, ikiwa ngoma imo katika kanisa mama, na Kilatini kimo kwa waliojitenga, tofauti iko wapi? Kwa maoni yetu haimo katika vyombo vya ibada, bali katika mwenye kauli. Bujora, aliyeifungulia ngoma mlango alikuwa padre. Kwa Legio Maria, mwanamke asiye na cheo aweza kusimama na kueleza aliyoonyeshwa, na mkutano ukamsikiliza. Aoko mwenyewe, angali kijana, aliwabatiza watu wengi.

Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Ukuhani ulibaki mikononi mwa wanaume, na Aoko baadaye akatengana na jumuiya aliyoiasisi. Kauli iliyopatikana kwa kujitenga ikawekewa mipaka upya, na walioiweka ni wenye vyeo vile vile vilivyoigwa kwa wamisionari.

Hapa pana funzo kwa walimu na wanafunzi. Utamaduni wa taifa haupimwi kwa kuhesabu ngoma zilizopigwa kanisani au katika sherehe za shule. Yafaa tuulize ni nani aliyeamua zipigwe, na kama mchezaji naye ana neno la kusema. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa; ila sharti kwanza pawe kwao kweli.