Maji ya Kisima Dhidi ya Theluji: Uchambuzi wa Mabomba ya Nagaoka

Katika upande wa magharibi wa Japani, pale milima inapoikaribia bahari inayoitenga nchi ile na Korea na Urusi, liko jimbo la Niigata, na ndani yake mji wa Nagaoka, uliokaa katika bonde la Shinano, mto mrefu kuliko yote ya visiwa vile. Atakayeifungua ramani atastaajabu kuona kwamba mji huu, ambao theluji yake katika miaka mizito humzidi mtu kimo, hauko mbali kaskazini pamoja na Oslo na Moscow, bali karibu umelingana na Tunis, nchi ya jua na mizeituni. Sababu yake ni pepo. Wakati wa baridi pepo kavu zitokazo Siberia huivuka bahari ile, nayo bahari, kwa kuwa mkondo wa maji ya uvuguvugu huipitia kutoka kusini, huzijaza unyevu. Zikifika nchi kavu hukabiliwa na milima, hupanda, hupoa, na kuumwaga unyevu ule wote kwa sura ya theluji juu ya mabonde na miji iliyo chini yake.

Lakini wingi wa theluji hautoshi kutueleza yaliyotendeka Nagaoka. Lazima tuitazame na tabia yake. Mwezi wa Januari joto la pale huwa aghalabu digrii moja au mbili tu juu ya sifuri, hata theluji ianguke ikiwa majimaji na nzito, yenye kuvunja matawi na kulemea mapaa, ilhali ardhi yenyewe chini haigandi sana. Theluji ya namna hii ni adui wa mgongo wa mwenye koleo, lakini pia iko ukingoni mwa kuyeyuka, na kiasi kidogo cha joto chatosha kuitoa katika hali moja kuitia katika nyingine. Fundi asiyelijua jambo hili angenunua mashine za kusukumia theluji na kuridhika. Aliyelijua alitafuta joto hilo dogo lipatikane wapi kwa bei nafuu.

Wazee wa jimbo hilo walikuwa na hikima yao ya kale. Katika Takada, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Joetsu, kila nyumba iliyoelekea barabarani ilirefusha upenu wake ukafunika njia ya miguu, na upenu wa huyu ukaungana na wa jirani yake, hata mtu akaweza kutembea mtaa mzima chini ya paa ilhali barabara imezibwa na theluji. Kinachonivutia mimi katika upenu huo, uitwao kwao gangi, ni kwamba kipande kile cha ardhi ni milki ya mwenye nyumba, naye amekitoa kwa wapita njia wote pasipo kudai malipo. Hata hivyo upenu ulimfaa mtu wa miguu; gari na lori havikuweza kupita chini yake.

Husimuliwa Nagaoka kwamba Imai Yosaburo, mfanyabiashara wa vitafunio vya mchele, aliona kwamba mahali maji ya chini ya ardhi yalipochuruzika juu ya njia, theluji haikukaa. Maji ya kisima kirefu hayafuati majira. Kiangazi na kipupwe hubaki karibu digrii 13, kwa hiyo yale yanayoonekana baridi mwezi wa Agosti huwa ni maji ya joto mwezi wa Januari. Katika mwaka 1961 mabomba ya kwanza yalilazwa katika njia za mji. Ujenzi wake ni mwepesi kueleweka: kisima huchimbwa, pampu huyavuta maji, bomba hupita katikati ya barabara chini ya uso wake, na kwenye bomba hilo matundu madogo hupangwa kwa umbali uliopimwa, yakiyarusha maji chinichini kulia na kushoto, nayo huteremka kwa mwinamo wa barabara, huiyeyusha theluji njiani, na kuishia mferejini. Miaka miwili baadaye, Januari 1963, theluji ilirundikana Nagaoka zaidi ya mita 3, reli zikafungwa na vijiji vikatengwa. Njia zenye mabomba zilionekana zikiwa wazi, na tangu hapo ubuni huo ukaenea katika majimbo ya pwani ile.

Hapa inafaa tufanye hesabu, kwa sababu ndani ya hesabu hiyo zimo sifa za mabomba haya na dhara lake pia. Gramu moja ya barafu iliyo katika digrii sifuri haiyeyuki mpaka ipewe kalori 80; ilhali gramu moja ya maji, kila inapopoa digrii moja, hutoa kalori 1 tu. Maji yaliyotoka kisimani na digrii 13, yakaingia mferejini na digrii 2 au 3, yametoa kalori 10 au 11. Basi kila gramu ya theluji hudai gramu saba au nane za maji. Tuchukue barabara yenye upana wa mita 6 na urefu wa kilomita 1, iliyoangukiwa na theluji mpya ya sentimita 20, na tukadirie kwamba mita moja ya ujazo wa theluji hiyo ina uzito wa kilo 100: theluji ni tani 120, na maji ya kuiyeyusha ni kama tani 900. Hiyo ni kilomita moja, na kwa mwanguko mmoja tu.

Usiku wa theluji pampu zote za mji hufanya kazi kwa wakati mmoja. Maji yaliyomo katikati ya matabaka ya mchanga na udongo wa mfinyanzi hupungua ghafula, shinikizo lililokuwa likiyategemeza matabaka hayo hushuka, na mfinyanzi hubanana. Maji yakirudi majira ya kuchipua, mfinyanzi hauinuki wote ulivyokuwa. Hivyo ndivyo ardhi ilivyodidimia katika Takada na katika bonde la Minamiuonuma, nyumba na madaraja yakapata nyufa kwa ajili ya barabara kuwa safi. Nako Nagaoka chuma kilichomo majini kimezipaka barabara rangi ya kutu, alama ambayo mgeni huiona hata katikati ya kiangazi. Mafundi hawakukaa kimya: waliweka vyombo vya kuhisi theluji ili pampu isiende pale isipohitajika, na wakagawa mitaa ili ipokezane maji kwa zamu.

Yafaa kuuliza kwa nini Sapporo, mji mkubwa wa kisiwa cha Hokkaido, wenye watu karibu milioni 2 na theluji ya takriban mita 5 kila mwaka, haukuiga jambo hili lililo mlangoni pake. Jibu ni kwamba Januari ya Sapporo iko chini ya sifuri. Maji yakimwagwa njiani yatageuka barafu kabla ya kufika mferejini. Kwa hiyo theluji husukumwa, hupakiwa katika malori na kupelekwa kwenye majaa yake nje ya mitaa. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari, lakini misumari iliikwangua lami na kujaza hewa vumbi, na sheria ya 1990 ikafuata kuipiga marufuku. Hewa ikatakata, kumbe matairi laini nayo yaliisugua theluji iliyoshindiliwa ikang'aa kama kioo, na watembeao kwa miguu wakaanza kuanguka. Leo kwenye pembe za njia huwekwa masanduku ya mchanga, apitaye autwae na kuutawanya mbele ya miguu yake.

Marekani ilichukua njia ya chumvi. Jimbo la New Hampshire lilianza kuitumia kama kawaida ya barabara zake mwanzoni mwa miaka ya 1940, na chini ya mji wa Detroit, kiasi cha mita 350, uko mgodi wa chumvi ambao shehena zake hutawanywa juu ya njia. Chumvi haileti joto. Huiteremsha digrii ambayo maji hugandia. Katika maabara hufika digrii 21 chini ya sifuri, lakini njiani, baridi ipitapo digrii 9 au 10 chini ya sifuri, nguvu yake hupungua mno. Ndugu zetu waliohamia Minneapolis na Toronto huijua kwa weupe unaobaki viatuni na kwa kutu inayokula magari yao. Lililo zito zaidi ni kwamba chumvi ile haiozi wala haipotei, bali huteremka mitoni na visimani.

Kwa maoni yangu waliobahatika kuliko wote ni watu wa Reykjavik, katika Aislandi, ambao tangu 1930 hutia joto majumbani kwa maji ya moto ya ardhini. Maji hayo, yakiisha kupita nyumbani, hubaki na digrii 30 au zaidi, nayo hupitishwa ndani ya mabomba chini ya njia za miguu yakaiyeyusha theluji kwa joto ambalo lingetupwa. Maji hayagusi theluji. Joto peke yake ndilo linalotoka.

Kanuni hii ya maji yaliyofungwa bombani ndiyo ambayo mafundi wa Japani waliifuata walipochoka kuinyonya ardhi. Njia ya reli ya Joetsu Shinkansen, iliyofunguliwa mwezi wa Novemba 1982, bado hurusha maji, lakini huyakusanya, huyatia joto na kuyatumia tena. Katika baadhi ya barabara maji ya kisima sasa huzunguka katika mabomba yaliyozikwa chini ya lami, huacha joto lake, kisha hurudishwa kwa kisima cha pili katika tabaka lile lile yalikotolewa. Gharama ya kujenga ni kubwa, kwa sababu mabomba lazima yasongamane na uso wote uchimbwe, na katika mwanguko wa ghafula joto hupanda polepole kuliko maji yanayorushwa wazi. Mimi ningeanza nayo katika mabonde yaliyokwisha kudidimia, na kuyaacha matundu ya Imai pale maji ya ardhini yanaporudi kimo chake kila mwaka.