Kadi ya Neno Lililokufa

Jengo la Bunge la Rwanda liko mtaa wa Kimihurura, na sheria za nchi huchapishwa kwa safu tatu: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tangu 2017 Kiswahili nacho ni lugha rasmi. Kwenye mtaa huu watafsiri hawakosi kazi. Mmoja wao alinikaribisha mezani kwake nimtazame akilifuatilia neno la Kiingereza lisilotumika tena: "overmorrow".

Anaanza na kadi tupu. Pembeni juu analiandika neno, chini yake sentensi nzima alimolikuta, kisha mwandishi, kitabu na mwaka. Sentensi haikati, kwa kuwa maana ya neno huonekana kwa majirani zake. Ndivyo walivyofanya kina James Murray, aliyeanza kuhariri kamusi kubwa ya Oxford mwaka 1879: karatasi ndogo ndogo, zikapangwa kwa alfabeti, halafu kwa miaka.

Kadi ya kwanza ni ya 1535, Biblia ya Miles Coverdale, kitabu cha Tobiti. Tobia anamhimiza Sara wasali leo, kesho na siku inayofuata kesho. Siku hiyo ya tatu ndiyo "overmorrow".

Sasa anatafuta asili. Analipasua neno: "over" ni kupita, "morrow" ni kesho. Wengi wangeishia hapo. Yeye anafungua kamusi ya Kijerumani, anakuta "übermorgen", lenye maana ileile na lingali hai. Anarudi kwenye ukurasa wa jina wa Biblia ile: imetafsiriwa kutoka Kijerumani na Kilatini. Hata hivyo anaandika "huenda limetoka Kijerumani", tena kwa penseli. Kufanana peke yake hakumtoshi.

Mwisho ni visawe. Kwa Kiswahili hapati shida: keshokutwa. Kwa Kinyarwanda anaandika "ejobundi", anasita. Neno hilo ni keshokutwa, na ni juzi pia. Kitenzi ndicho kinachoamua. Basi anaongeza mifano miwili, "nzaza ejobundi" kwa wakati ujao, "naje ejobundi" kwa uliopita, anaisoma kwa sauti, anapigia mstari viambishi vya njeo.

Asubuhi nzima imekwenda kwa kadi chache. Lakini atakayezitumia hatakosea miadi kwa siku nne.